Rili Kuukuu ya Baba Tereza

Kila Jumamosi asubuhi, Notburga hubeba vyombo vyake vyote hadi ziwani. Sufuria, sahani, vikombe, miiko. Habagui. Huchota mchanga kwa kiganja, husugua, husuuza, husugua tena. Sufuria zake zinang'aa sana. Kuku wakipita karibu wanajiona humo, wanakimbia.

Mwisho kabisa, sufuria zikiisha, husugua rili ya mumewe.

Rili ni kifaa cha kukunjia mshipi wa kuvulia samaki. Ndani kina kigurudumu, nje kina mkono wa kuzungusha. Ukizungusha, mshipi unajikunja na samaki anakuja. Ufukwe wote wa hapo Ngumbo una wavuvi wengi, lakini rili ni hiyo moja tu. Wengine wanatega nyavu. Wengine wanavuta mshipi kwa mikono.

Hyasinti, mume wa Notburga, hawezi kuvuta kwa mikono. Zamani mshipi ulimkata mkono wa kushoto. Vidole viwili havikunjiki hadi leo. Basi mgeni mmoja, aliyekuja kutembezwa ziwani, akamhurumia. Siku ya kuondoka akamwachia fimbo ya kuvulia pamoja na rili yake. Fimbo ilivunjika mwaka uleule. Hyasinti akaifunga rili kwenye mwanzi kwa mpira wa baiskeli. Juu, kwenye ncha ya mwanzi, akatia kipete cha waya ili mshipi upite. Maisha yakaendelea. Sasa ni mwaka wa kumi na nne.

Kwa rili hiyo Hyasinti huvua mbufu. Mbufu ni samaki mkubwa, ana sharubu, hana magamba, na anapenda kukaa chini kabisa kwenye kina. Kwa mbufu hao Hyasinti amemlea binti yao Tereza, amemsomesha, na kumwoza kwa Kilian, mkulima wa kahawa wa kule milimani Mpepai.

"Haya, bwana harusi wako huyu, ameshaoga," alisema Notburga Jumamosi hiyo, akimpa rili inayometameta.

Hyasinti aliipokea kwa mikono miwili. Moyoni alijiona tajiri. Ni mvuvi gani mwingine anayesuguliwa rili na mkewe? Akachukua chupa ya mafuta ya mawese, yaleyale ya kupikia maharage, akaimiminia rili kupitia tundu la pembeni.

"Punguza, Baba Tereza! Hayo ni ya mboga ya kesho."

"Mama Tereza, kitu kinachofanya kazi lazima kile. Hiki kinakula mafuta."

"Kinakula kuliko mimi?"

"Wewe unakula samaki."

Wakacheka wote wawili. Wamekuwa wakicheka hivyo kila Jumamosi kwa miaka kumi na minne.

*

Jumatatu Hyasinti alipiga kasia mapema hadi kwenye kina, upande wa mawe. Alishusha ndoana. Hakukaa sana. Mshipi ulivutwa kwa nguvu, mwanzi ukapinda.

"Karibu, mheshimiwa," alisema Hyasinti, maana huwa anaongea na samaki.

Alizungusha mkono wa rili. Rili ikalia kiii, kiii, kama cherehani ya marehemu bibi. Ikazunguka mara mbili, ikagoma. Samaki naye akavuta kuelekea chini. Rili haikutoa mshipi hata kidogo. Hyasinti alisikia paa! Mshipi ulikatika. Mwanzi ukanyooka, naye nusura aende kukaa ziwani.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu mwezi huo.

Ufukweni alimkuta Alphonce, dereva wa bodaboda, anayekuja kununua samaki wa kuwapelekea wateja wake.

"Shikamoo, mzee. Leo umeleta nini?"

"Marahaba. Nimeleta mtumbwi."

"Huo niliuona ukiondoka nao."

"Basi shukuru kwamba umerudi," alisema Hyasinti, akapita.

Nyumbani alikaa jikoni, akaiweka rili chini. Notburga alikuwa anachambua mchele. Alimtazama miguu, akaona hakuna magamba wala damu ya samaki, akajua.

"Imezeeka," alisema Hyasinti. "Inatakiwa mpya."

"Na wewe umezeeka. Mimi nimekutupa?"

"Sitanii, Mama Tereza. Kuna moja dukani kwa Praygod, pale Mbamba Bay. Nyeusi, ina mstari wa dhahabu. Ukiizungusha hata huisikii."

"Umeizungusha mara ngapi?"

Hyasinti alitazama dari. "Mara moja."

"Baba Tereza."

"Mara nne."

Notburga aliweka ungo chini. "Ndiyo maana siku hizi ukienda Mbamba Bay unanyoa ndevu! Nilikuwa nasema moyoni, jamani, nina mke mwenza. Kumbe ninaye kweli, tena ana mstari wa dhahabu. Bei gani huyo bibi?"

"Elfu themanini na tano."

Kicheko kikaisha hapo.

Chini ya kitanda chao kulikuwa na kopo. Ndani yake mlikuwa na fedha za kuku waliouzwa, fedha za samaki wa miezi mitano, na fedha alizotuma Kilian baada ya kuuza kahawa. Jumla laki moja na elfu kumi. Zote zilikuwa za Tereza. Tereza alikuwa na mimba ya kwanza, na huku mimba ya kwanza binti hurudi kwa mama yake. Angeshuka kutoka Mpepai Jumapili ijayo. Muuguzi wa kule alikuwa amemwambia maneno makali: "Miguu yako inavimba. Presha yako tunaiangalia. Usije ukajaribu kujifungulia nyumbani. Ukianza kuumwa uchungu, au kichwa kikiuma sana, gari lipatikane saa hiyohiyo, uende kituo cha afya." Kopo lile lilikuwa la gari hilo, na la beseni, na la vitenge, na la siku zote za kukaa huko Mbamba Bay.

"Rili ikinunuliwa, Tereza atapanda nini?" aliuliza Notburga. "Atapanda mwanzi?"

"Na isiponunuliwa, sivui. Nisipovua, tutakula nini hadi siku hiyo? Tutakula kopo hilohilo, kidogo kidogo. Litaisha bila kuonekana."

Wote wawili walikuwa na haki, na hilo ndilo lililowaumiza.

Jumanne asubuhi Notburga alilitoa kopo mwenyewe. Alimpa mumewe elfu themanini na tano, zimefungwa kwenye kitambaa.

"Nenda. Lakini pita kwanza pale njia panda kwa Vitalia. Chukua rili na mwanzi wake. Akisema imekufa, endelea na safari, sitasema neno."

"Vitalia fundi nguo? Fundi nguo anajua nini kuhusu uvuvi?"

"Uvuvi hajui. Lakini rili yako inalia kama cherehani. Na mlio huo yeye ndiye aliyeuzoea. Cherehani yake ni ya shangazi yake, ina umri kunizidi mimi, na inashona mpaka leo. Mwulize anaifanyaje."

*

Hyasinti alipanda pikipiki ya Alphonce. Kichwani alikuwa tayari ameshaifunga rili mpya kwenye mwanzi. Alikuwa ameshaivulia hata samaki wawili.

Vitalia alikuwa barazani kwake, anashona sare za shule.

"Shikamoo, Baba Tereza."

"Marahaba, mwanangu. Za kazi?"

"Nzuri. Umeleta suruali?"

"Nimeleta hii. Mama Tereza anataka uitazame, useme imekufa, mimi niondoke."

"Mzee, nizime pikipiki?" aliuliza Alphonce kutoka barabarani.

"Usizime. Ni dakika mbili."

Vitalia aliigeuza rili mkononi. "Inaumwa nini?"

"Imezeeka."

"Sijauliza umri, baba. Nimeuliza inaumwa nini. Mteja akiniletea cherehani akasema ni mbovu, sijui pa kuanzia. Akisema inaruka mishono, hapo najua pa kufungua."

Hyasinti alifikiri. Hakuwahi kuulizwa hivyo. "Inalia. Inazunguka kwa shida. Samaki mkubwa akivuta haitoi mshipi. Na mshipi unakatika."

"Eh, hapo umesema kitu."

Akatandika kitambaa cheupe. Akaipiga rili picha kwa simu. Akashika bisibisi ndogo, akafungua skrubu moja baada ya nyingine. Kila kipande alikipanga kwenye kitambaa kwa mstari, kwa jinsi kilivyotoka.

"Napanga hivi ili nikirudishia nianzie mwisho," alisema. "Na picha ni ya siku ambayo mbuzi atapita juu ya kitambaa."

Kifuniko kilipotoka, alirudisha kichwa nyuma.

"Baba Tereza! Humu ndani kuna mtu amepika?"

Ndani, magurudumu yote yalikuwa yamefunikwa na kitu kizito cha rangi ya kahawia, kama ukoko wa sufuria. Kilinuka mafuta ya jana, ya juzi, na ya miaka kumi na minne. Vitalia alichukua kidogo, akakisaga kwa vidole. Kikalia kwacha kwacha.

"Na mchanga. Mchanga mwingi. Wewe unavua kwenye kina. Mchanga umeingiaje hadi huku ndani?"

Hyasinti alielewa papo hapo. Aliona Jumamosi zote zile, na mikono ya mkewe, na alivyokuwa akitabasamu akimpa.

"Ni upepo," alisema.

"Upepo? Upepo uliosugua mpaka rangi ikatoka?"

"Upepo wa huku ni mkali."

"Upepo ni mimi," ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa Notburga. Alikuja kwa miguu, anahema, na kikapu kitupu kichwani kama mtu anayekwenda gengeni. Ukweli ni kwamba alikuja kuhakikisha mumewe hapitilizi.

"Nimeisugua kwa mchanga kila Jumamosi," alisema taratibu. "Nilitaka awe na kitu kisafi. Kumbe nilikuwa naiua."

"Wewe ulitia mchanga tu," alisema Hyasinti. "Mpishi ni mimi. Mawese ni yangu."

Vitalia aliwatazama, akaziba mdomo kwa kitambaa cha sare asicheke. Alphonce hakuwa na haya kama Vitalia. Alizima pikipiki akaja kucheka kwa karibu.

"Basi mnapendana, hilo tumeliona," alisema Vitalia. "Sasa sikilizeni. Mafuta ya kupikia ni ya tumbo. Ukiyatia kwenye mashine yanateleza siku mbili tatu. Halafu yanapigwa na hewa, yanaganda, yanakuwa gundi. Gundi inashika mchanga. Na mchanga ukikaa katikati ya chuma na chuma unasaga. Ndiyo kile kilio unachokisikia."

"Kwa hiyo imekufa?" aliuliza Hyasinti. Tuseme ukweli, sauti yake ilikuwa na tumaini kidogo.

"Hatujui. Tunaosha kwanza."

Alimimina mafuta ya taa kwenye kopo la kuchovya. "Alphonce, sigara yako ipeleke mbali." Akampa Hyasinti mswaki mkuukuu. Hyasinti akapiga mswaki magurudumu ya rili kama anamwandaa mtoto kwenda shule. Uchafu ulitoka, chuma cha manjano kikaonekana.

"Sasa pitisha ukucha kwenye meno ya gurudumu hili. Jino moja moja. Usinisikilize mimi, usikilize ukucha. Kuna lililovunjika? Kuna lililolika likawa jembamba?"

Hyasinti alipitisha ukucha taratibu. Akazunguka mzima. Akarudia.

"Hamna."

"Na ekseli hii, izungushe juu ya meza. Inayumba?"

"Haiyumbi."

"Basi haijafa. Meno yangekuwa yamelika, ningekwambia panda pikipiki ukanunue mpya, wala nisingekupotezea muda. Gurudumu hilo hapa hulipati, na kulichongesha ni bei ya rili nzima. Ekseli ikipinda ni hivyohivyo. Kifuniko kikipasuka ni hivyohivyo. Lakini hii ni chafu. Mtu akiwa mchafu tunamwogesha, hatuendi kununua mwingine."

Notburga alimtazama mumewe. Hyasinti alijifanya haoni.

"Twende kwenye kugoma," aliendelea Vitalia. Alitoa vipande vitatu vya duara, vyembamba, vikavu kama chapati ya wiki jana. "Hizi ni ngozi. Ndizo breki. Samaki mkubwa akivuta, breki inatakiwa iteleze, imtolee mshipi kidogo kidogo mpaka achoke. Zako zimeganda kwa gundi. Hazitelezi. Samaki anavuta, wewe unavuta. Nani atakubali kukatika?"

"Mshipi."

"Haya. Nahitaji ngozi halisi, si plastiki. Laini, iliyozoea kukunjwa." Macho yake yalishuka taratibu hadi kiunoni kwa Hyasinti.

"Hapana," alisema Hyasinti.

"Baba Tereza, vua," alisema Notburga.

"Mbele za watu?"

"Mkanda! Nani kasema suruali?"

Mkanda ulitoka. Vitalia alifuatisha vipande vya zamani kwa chaki ya kushonea, akakata ncha ya mkanda kwa mkasi wake mkubwa, akapata duara tatu. Uliobaki alimrudishia. Mkanda ukawa haumtoshi tena. Hyasinti aliendelea kusikiliza somo akiwa ameshika suruali kwa mkono mmoja.

"Mshipi wako una umri gani?"

"Miaka sita. Lakini ni mnene."

"Sita! Uzi ukikaa mwaka mmoja dirishani ukipigwa jua, mimi siutumii hata kwa kitufe." Alikata pima moja, akajizungushia kitambaa mikononi usimkate, akavuta. Ukakatika kirahisi. "Umeona? Na sijavuta kama mbufu. Sasa nipe huo mwanzi."

Alichukua kipande cha pamba, akakipitisha ndani ya kile kipete cha waya kwenye ncha ya mwanzi. Pamba ikanasa. Nyuzi nyeupe zikabaki zinaning'inia.

"Waya umechimbika. Mshipi umepita hapo miaka yote, umechimba mfereji wenye makali. Kwangu mimi, tundu la sindano likiwa na makali uzi unakatika kila saa. Mteja atanunua uzi mpya, atanunua cherehani mpya, utakatika tu. Ni sindano." Alimgeukia Hyasinti. "Sema kweli, baba. Ungenunua ile rili ya Praygod, ungeifunga wapi?"

"Kwenye mwanzi huu."

"Na mshipi?"

"Huuhuu. Fedha ya mshipi isingebaki."

"Basi mbufu wa kwanza angekata na kuondoka. Ungekuwa na rili mpya, huna samaki, na huna fedha. Ungemlaumu nani?"

Notburga alikaa kwenye kigogo cha mlangoni. Alikuwa anafikiria kopo lile, lilivyokuwa limebakiza kidogo tu kuisha bure.

"Sisemi usinunue kipya maisha yako yote," alisema Vitalia, sasa kwa upole. "Nasema, kwanza jua kinachoumwa. Halafu ujue kama kinatibika na kama dawa yake inapatikana. Gharama ya kutengeneza ikifika nusu ya bei ya mpya, hapo kaa ufikirie mara mbili. Yako haifiki hata robo. Mshipi mpya, kopo dogo la grisi, chupa ndogo ya mafuta ya cherehani. Elfu kumi na nane, haizidi."

Hyasinti alikifungua kile kitambaa. Alizitazama fedha kwa muda. Kisha akahesabu elfu kumi na nane, akampa Alphonce.

"Nenda kwa Praygod. Mwambie akupe mshipi mpya, wa mbufu, na grisi, na mafuta ya cherehani."

"Na akiniuliza mzee yuko wapi?"

"Mwambie amefungwa," alisema Notburga, akatazama ile suruali iliyoshikwa kwa mkono, "maana hawezi kutembea."

*

Alphonce aliporudi, Vitalia alimfundisha Hyasinti kurudishia vipande yeye mwenyewe. Alitia grisi kidogo kwenye meno ya magurudumu, kiasi cha punje ya maharage. Kwenye ncha za ekseli, tone moja la mafuta ya cherehani. Hyasinti alitaka kuongeza.

"Lete hiyo chupa," alisema Vitalia, akamnyang'anya. "Kujaza ndiyo tabia iliyotufikisha hapa."

Kipete cha waya walikitupa, wakaweka kingine laini kilichosuguliwa kwa msasa mpaka pamba ikapita bila kunasa. Mshipi wa zamani Vitalia aliukata vipande vifupi, akavitia kwenye mfuko wa taka. "Usiutupe ufukweni. Unanasa ndege, unakata miguu ya watoto."

Jioni walijaribu ufukweni. Walifunga mshipi kwenye ndoo yenye mchanga nusu. Hyasinti alikaza breki mpaka ndoo ikasogea. Kisha Notburga akaishika ndoo, akakimbia nayo kwa nguvu zote. Rili ikatoa mshipi: krrr, krrr, krrr. Haukukatika. Akikimbia unatoka, akisimama Hyasinti anamrudisha.

"Nimekuwa mbufu leo!" alipiga kelele Notburga.

"Una sharubu chache," alijibu mumewe, "lakini uzito unakaribia."

Alifukuzwa na ndoo.

Alhamisi alishusha ndoana palepale upande wa mawe. Mwanzi ulipopinda, alikaza mshiko. Alisubiri ile paa! Haikuja. Samaki alivuta, rili ikamwachia. Samaki akachoka, Hyasinti akakunja. Akavuta tena, akaachiwa tena. Walishindana hivyo mpaka kichwa kipana chenye sharubu kikatokeza majini.

"Pole na safari," Hyasinti alimwambia.

Alikuwa mrefu kama mkono. Alphonce alimnunua akiwa bado anapiga mkia, bila utani wowote. Ijumaa walipatikana wawili.

Jumamosi Notburga alisugua sufuria zake kwa mchanga kama kawaida. Rili aliifuta kwa kitambaa chenye maji safi, akaikausha kivulini. Hyasinti alilegeza breki ili ngozi zisishikamane, akatia tone lake moja. Chupa ya mawese ilikaa jikoni na maharage.

*

Tereza alifika Jumapili, miguu imejaa kama mikate. Siku ya kujifungua ilikuwa bado wiki mbili.

Lakini Jumatano, saa nne asubuhi, alikaa ghafla kwenye mkeka akashika kichwa.

"Mama, kichwa kinapasuka. Na naona nyotanyota."

Notburga hakungoja neno la pili. Alimpigia simu mwenye gari. Gari likaja, na dereva akasema wazi: "Mama, tangi ni tupu. Bila fedha ya mafuta sifiki popote."

Hyasinti aliingia ndani, akainama chini ya kitanda. Kopo lilikuwa zito. Ndani zilikuwemo zile zilizobaki, na juu yake fedha za mbufu. Alimhesabia dereva mafuta na nauli, na bado kopo lilikuwa na kitu. Alikuwa anafikiria jinsi ambavyo lingeweza kuwa tupu, na yeye amesimama hapo na rili yenye mstari wa dhahabu mkononi.

Mbamba Bay walipokelewa haraka. Muuguzi alimpima Tereza presha, akaita mwenzake mara moja. Walimchoma sindano, wakamtia dripu, wakamwingiza ndani. Hyasinti na Notburga walikaa nje kwenye benchi. Siku hiyo hakuna aliyetania.

Saa kumi alasiri muuguzi alitoka.

"Mmefanya vizuri kuwahi," alisema. "Presha ilikuwa juu sana. Mngekaa nyumbani hadi jioni, tungekuwa tunazungumza mengine. Mama ni mzima. Mtoto ni wa kike."

Notburga alilia. Hyasinti alimshika bega, akatazama pembeni, akasema jua la Mbamba Bay linaumiza macho.

Kilian alishuka kutoka Mpepai siku iliyofuata, na mkungu wa ndizi begani. Mtoto alikuwa ameshapewa jina, Avelina, na alikuwa amelala bila habari na mtu.

"Unataka kula nini, mwanangu?" Hyasinti alimwuliza Tereza.

"Mchuzi wa mbufu, baba. Wa moto."

Kesho yake asubuhi Hyasinti alikuwa ziwani. Adhuhuri alifika kituo cha afya kwa pikipiki ya Alphonce, amekumbatia chombo cha chakula kilichofungwa kwa kitenge. Notburga alikuwa amebaki kituoni na binti yake, kwa hiyo nyumbani hakukuwa na mpishi mwingine. Mbufu alivuliwa na Hyasinti, akakatwa na Hyasinti, akapikwa na Hyasinti.

Tereza alionja kijiko kimoja. Akatazama mawese yaliyoelea juu ya mchuzi.

"Baba, umepika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Inajulikana," alisema Tereza. Akamaliza bakuli, akamrudishia baba yake aongeze.